Tiba za nishati kwa mzio: NAET, bayoresonansi na kupima misuli. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wenye mzio, au wazazi wa watoto wenye mzio, ambao wameambiwa kwamba tatizo lao linaweza kuondolewa bila dawa kwa "kusawazisha nishati". Tumeeleza tiba hizi zinavyofanywa kweli, vipimo vyake vinapima nini, na mahali zinapoweza kuhatarisha maisha. Msimamo wetu tunautaja mapema: mtu mzima mwenye mafua mepesi ya mzio akipenda kujaribu, hasara yake kubwa ni ya fedha na muda. Lakini vipimo vya nishati visitumike kamwe kuamua nani ana mzio wa nini, wala nani ameshapona.

Tiba za nishati kwa mzio ni zipi hasa?

Ni kundi la mbinu zinazoshikilia kwamba mzio unatokana na kuvurugika kwa mtiririko wa nishati mwilini. Zinazojulikana zaidi ni NAET (kifupi cha Kiingereza cha "Mbinu za Nambudripad za Kuondoa Mzio"), iliyoanzishwa California, Marekani, na Devi Nambudripad mwaka 1983. Bayoresonansi, iliyotoka Ujerumani mwaka 1977 kwa daktari Franz Morell na mhandisi Erich Rasche. Na vipimo vya umeme wa ngozi kama Vega, ambavyo vina asili katika kazi ya daktari Mjerumani Reinhold Voll miaka ya 1950. Karibu zote huazima ramani ya mikondo 12 ya nishati kutoka tiba ya jadi ya Kichina. NAET huongeza juu yake kupima misuli, mbinu iliyoanzishwa na George Goodheart, tabibu wa uti wa mgongo wa Marekani, mwaka 1964.

Akupancha yenyewe, ile ya kuchoma sindano, tumeiweka kwenye swali lake hapo chini, kwa sababu ushahidi wake ni tofauti na wa hizi nyingine.

NAET inafanywaje, hatua kwa hatua?

Kwanza mtoa tiba anauliza historia ya mgonjwa. Kisha anampa mgonjwa kichupa kidogo cha kioo akishike kwa mkono mmoja. Ndani ya kichupa huwa na kiasi kidogo cha kitu kinachoshukiwa, au mara nyingi maji tu yanayosemekana kubeba "alama ya nishati" ya kitu hicho. Mgonjwa ananyoosha mkono wa pili, mtoa tiba anaubonyeza chini. Mkono ukilegea, kitu hicho kinahesabiwa kuwa kichochezi cha mzio. Ukishikilia, kinaruhusiwa.

Baada ya hapo tiba huanza. Mgonjwa akiwa bado ameshika kichupa, mtoa tiba anabonyeza au kugongagonga pande mbili za uti wa mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni, kwa vidole au kifaa kidogo, huku mgonjwa akivuta pumzi na kuishikilia kwa vipindi. Kisha hufuata kubonyeza au kuchoma vituo fulani vya mikononi na miguuni, na mapumziko ya kama robo saa kichupa kikiwa bado mkononi. Mwisho mkono unapimwa tena; safari hii hutegemewa ushikilie.

Kila ziara hushughulikia kitu kimoja, na kuna mpangilio. Kwa kawaida huanza na makundi ya msingi: yai, kalsiamu na maziwa, vitamini C, vitamini B, sukari, madini ya chuma, vitamini A, madini mengine, chumvi. Kwa hiyo mtu aliyekuja kwa sababu ya kamba au vumbi anaweza kumaliza ziara kama 10 kabla hata hajafika kwenye tatizo lake. Akienda mara moja kwa wiki, hiyo ni miezi miwili na zaidi. Uliza hili kabla hujalipa ziara ya kwanza.

Kwa nini wanasema ukae mbali na kitu hicho kwa saa 25?

Hesabu yao ni hii: nishati huchukua saa mbili katika kila mkondo, mikondo ni 12, jumla saa 24, na saa moja ya ziada. Hakuna kipimo cha fiziolojia kilichowahi kuonyesha mzunguko huo.

Sharti hili lina madhara ya vitendo yanayosahaulika. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini akiambiwa aepuke sukari na wanga kwa siku nzima, lakini akajichoma dozi yake ya kawaida, sukari yake ya damu inaweza kushuka hadi akazimia. Mama anayenyonyesha au mtoto mwenye utapiamlo hafai kufungiwa makundi ya vyakula moja baada ya jingine kwa wiki kadhaa.

Kama si mzio, kwa nini mkono unalegea kweli?

Kulegea ni kweli. Swali ni nini kinachoulegeza. Nguvu ya bega lililonyooshwa hutegemea pembe ya mkono, mahali unapobonyezwa (kwenye kifundo cha mkono au juu ya kiwiko), kasi ya kubonyeza, uchovu, na kama mtu ameambiwa "shikilia" kabla au baada ya kuanza kusukumwa. Mpimaji akisogeza kidole sentimita chache kuelekea kiganjani, nguvu anayohitaji inapungua, na hakuna atakayeona tofauti. Mpimaji na mgonjwa wote wanajua kichupa kina nini, na wote wana matarajio. Misuli hufuata matarajio hayo bila mtu kukusudia. Ndiyo sababu mtoa tiba mwaminifu kabisa anaweza kupata majibu yasiyo sahihi kila siku kwa miaka mingi, na akayaamini.

Kuna kasoro ya pili, kubwa kuliko hiyo. Mzio wa kweli wa haraka ni kazi ya kingamwili aina ya IgE, zilizotambuliwa katika miaka ya 1966 na 1967. Zinakaa juu ya seli za mast kwenye ngozi, pua, mapafu na utumbo. Kichochezi kinapozigusa, seli hizo humwaga histamini, kemikali inayoleta muwasho na uvimbe, ndani ya dakika chache. Ili hilo litokee, protini ya karanga au ya kamba lazima ifike mwilini. Ikiwa ndani ya kioo kilichofungwa, haifiki popote.

Ninaweza kukijaribu kipimo cha misuli mwenyewe?

Ndiyo, na tunakushauri ufanye hivyo kabla ya kutumia fedha. Usitumie kitu kinachokudhuru vibaya. Tumia chumvi na sukari, au kitu ambacho mpimaji mwenyewe anasema "kinakulegeza" lakini unakila bila shida.

Chukua vichupa viwili vinavyofanana kabisa, uvifunge kwa karatasi isiyoonyesha ndani, uzito uwe sawa. Weka kitu kinachopimwa kwenye kimoja, na kitu cha kawaida kwenye cha pili. Mtu wa tatu akae chumba kingine. Kila mzunguko arushe sarafu: kichwa apeleke kichupa cha kwanza, mwenge apeleke cha pili, na aandike kwenye daftari lake. Akiweke mlangoni kisha aondoke, asionane uso kwa uso na mpimaji. Mpimaji abonyeze, aandike jibu lake. Rudieni mara 20, mkipumzisha mkono dakika moja kila baada ya mizunguko minne kwa sababu bega lililochoka hulegea lenyewe. Mwisho linganisheni madaftari.

Kwa kubahatisha tu mtu hupata karibu 10 kati ya 20. Kupata 15 au zaidi kwa bahati hutokea takriban mara 2 katika 100. Mpimaji akipata 11, kipimo chake hakina tofauti na sarafu ile iliyorushwa. Yanayoharibu jaribio hili mara nyingi ni mawili: kichupa kimoja kinachotoa sauti tofauti kikitikiswa, na mleta kichupa anayeangalia uso wa mpimaji.

Bayoresonansi na kipimo cha Vega vinafanyaje kazi?

Katika bayoresonansi mgonjwa hushika vishikio vya chuma au huwekewa vibamba vyenye nyaya. Wanaoitangaza wanasema mashine inapokea mawimbi ya mwili, inayatenga "mazuri" na "mabaya", kisha inayageuza yale mabaya na kuyarudisha ili yajifute. Vega na ndugu zake hutumia kalamu ya chuma inayobonyezwa kwenye kituo cha kidole, na sindano ya mita hupanda au kushuka huku vichupa vya vichochezi vikiwa kwenye kitundu cha mashine.

Kinachopimwa hapo ni jinsi ngozi inavyopitisha umeme mdogo. Kitu hicho kinapimika, ila hakina uhusiano na mzio. Ngozi yenye jasho hupitisha umeme zaidi kuliko kavu. Ukibonyeza kalamu kwa nguvu, mita inapanda. Ukirudia kubonyeza mahali palepale, inapanda tena kwa sababu ngozi imeshalainika. Katika joto na unyevunyevu wa miji ya pwani kama Dar es Salaam au Mombasa, mtu aliyetoka juani na mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi watapata namba tofauti hata wakipimwa kitu kilekile.

Na ile mashine ya "kupima mwili mzima" kwa dakika moja?

Ni ile ya kushika fimbo ya chuma iliyounganishwa na kompyuta, halafu ripoti ya kurasa nyingi inachapishwa: ini, figo, mifupa, vitamini, madini yenye sumu, na ukurasa mzima wa mzio. Huonekana sana mahali panapouzwa virutubisho, na mara nyingi anayesoma ripoti ndiye anayeuza dawa.

Kabla ya kupima, kompyuta hudai umri, jinsia, urefu na uzito wako. Jaribu hivi: omba upimwe, kisha ukae dakika chache na upimwe tena ukiwa umeandikishwa kwa jina jingine na umri ulioongezwa miaka 30. Mwili ni uleule. Linganisha ukurasa wa mzio. Fimbo ya chuma haichukui damu wala haigusi kingamwili yoyote, hivyo haina njia ya kujua kama una IgE dhidi ya maziwa au manyoya ya paka. Usiache chakula chochote kwa sababu ya ripoti hiyo.

Utafiti uliofanywa kwa uangalifu umeonyesha nini?

Mwaka 2001 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa George Lewith na wenzake wa Southampton, Uingereza. Walichukua watu 30: 15 walikuwa na mzio wa paka au wa utitiri wa vumbi uliothibitishwa kwa kipimo cha ngozi, na 15 hawakuwa nao. Wapimaji wenye uzoefu walitumia mashine aina ya Vega, zaidi ya vipimo 1,500 kwa jumla, bila wao wala wahusika kujua kichupa kina nini. Mashine haikuweza kuwatofautisha wenye mzio na wasio nao. Jambo la kutilia maanani ni kwamba Lewith hakuwa adui wa tiba mbadala. Alikuwa mmoja wa watafiti wake wakubwa.

Kwa bayoresonansi kama tiba, mwaka 1997 huko Davos, Uswisi, watoto 32 wenye ukurutu waligawanywa: nusu walipewa bayoresonansi halisi, nusu mashine ikiwa ya kuigiza, wote wakiendelea na matibabu ya kawaida ya hospitali. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na hakukuwa na tofauti ya maana kati yao. Somo hapo ni zito: mzazi wa mtoto aliyewekwa kwenye mashine halisi angetoka pale akisema mashine imemponya mwanawe, na asingekuwa anadanganya.

Vyama vikuu vya madaktari wa mzio vya Ulaya, Marekani na Australia vimeshauri wazi kwamba kupima misuli, Vega na bayoresonansi visitumike kutambua mzio.

Akupancha je?

Hapa jibu ni la wastani. Nchini Ujerumani watu 422 wenye mafua ya mzio wa chavua walifuatiliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Waliopata sindano halisi mara 12 kwa wiki 8 walijisikia nafuu kiasi, na walitumia vidonge vya mzio pungufu kuliko waliochomwa mahali pasipo vituo au waliotumia vidonge peke yake. Tofauti ilikuwa ndogo, na miezi michache baadaye haikuonekana tena. Mwongozo wa madaktari wa pua wa Marekani wa mwaka 2015 unaruhusu daktari kuipendekeza kwa mgonjwa wa mafua ya mzio anayetaka njia isiyo ya dawa.

Kwa hiyo kama ni mafua, na sindano ni mpya za kutumika mara moja na kutupwa, ni jambo la kuchagua. Kwa mzio wa chakula au wa dawa, akupancha haina nafasi.

Mbona jirani yangu alipona kabisa baada ya NAET?

Swali hili ndilo tunaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu. Watu wengi wanaosimulia hivyo wanasema kweli kuhusu walichokiona. Sababu zake huwa mojawapo ya hizi.

Huenda hakuwa na mzio tangu mwanzo. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki hupungukiwa na kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Wakinywa glasi nzima ya maziwa fresh tumbo hujaa gesi na kuhara, lakini mtindi au maziwa kidogo kwenye chai hayawasumbui. Akiambiwa ana "mzio wa maziwa", akatibiwa, kisha akaanza tena kwa kiasi kidogo, ataona amepona.

Mfano mwingine ni wa samaki. Jodari, kibua na wengine wa jamii yao wakikaa juani bila barafu, bakteria hutengeneza histamini nyingi ndani ya nyama yao. Mlaji huwashwa, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma, sawasawa na mzio. Kupika hakuondoi histamini hiyo. Safari inayofuata anakula jodari mzima aliyetoka kwenye barafu na hapati chochote, na sifa inakwenda kwa mtoa tiba.

Watoto nao hukua. Wengi wenye mzio wa maziwa na mayai huuacha wenyewe kadiri miaka inavyopita. Mtoto aliyepelekwa kwenye tiba ya nishati akiwa na miaka mitatu, akala yai vizuri akiwa na mitano, pengine angelila hata kama asingepelekwa.

Mzio wa pua na ngozi hupanda na kushuka. Mtu hutafuta tiba siku ambazo hali ni mbaya kuliko kawaida, na baada ya hali mbaya, mara nyingi hufuata nafuu. Mvua zimeosha vumbi, godoro limebadilishwa, paka amehamia kwa shangazi. Juu ya hayo, kukaa saa nzima na mtu anayekusikiliza bila haraka kunapunguza wasiwasi, na wasiwasi ukipungua muwasho nao hupungua. Hospitali zetu zenye foleni ndefu zina la kujifunza hapo.

Hatari iko wapi hasa, ikiwa ni kubonyeza mgongo tu?

Iko kwenye maneno yanayofuata kubonyezwa: "Umesafishwa, sasa unaweza kula." Mtu aliyewahi kuvimba koo kwa karanga akiamini maneno hayo anaweza kufa kwa kipande cha kashata. Kasoro ya kinyume nayo ipo: mtoto hupewa orodha ya vyakula 20 vya kuepuka ambavyo havina shida kwake, uzito unashuka, anadumaa. Kuna pia ushahidi kwamba kumnyima mtoto chakula bila sababu kunaweza kumletea mzio wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 nchini Uingereza, wa watoto wachanga 640 waliokuwa kwenye hatari kubwa, ulionyesha kwamba waliokula karanga mara kwa mara tangu wachanga walipata mzio wa karanga kwa kiwango kidogo sana kuliko waliozuiwa.

Mgonjwa wa pumu asiache dawa yake ya kuvuta ya kuzuia uvimbe kwa sababu amejisikia nafuu baada ya ziara. Njia za hewa hubaki na uvimbe hata kifua kikiwa kimetulia, na shambulio hurudi ghafla usiku.

Mtoto wangu mchanga alipimwa kupitia mkono wangu. Inawezekana?

Hapana. Mtoa tiba huambia mama amshike mtoto, kisha anabonyeza mkono wa mama na kusoma jibu kuwa ni la mtoto. Nguvu ya bega lako haibebi taarifa yoyote kuhusu damu ya mwanao. Kama uliacha kumpa mtoto vyakula kwa kipimo hicho, nenda kliniki ya watoto na kadi yake ya ukuaji, mpange namna ya kuvirudisha.

Nina mzio wa dawa za salfa. Tiba ya nishati inaweza kuuondoa?

Usijaribu. Dawa za salfa, kama kotrimoksazoli na SP ya malaria, zinaweza kuleta aina ya mzio inayobabua ngozi na utando wa mdomo na macho, siku au wiki kadhaa baada ya kuzitumia. Mzio huo hauhusiani na IgE, na hakuna anayepaswa kujaribu tena dawa iliyowahi kumfanyia hivyo. Andika jina la dawa na kilichotokea (vipele, malengelenge, vidonda vya mdomoni, siku ya ngapi) kwenye kadi na uibebe.

Muwasho wa mwili mzima uliokuwa ukiwapata watu wengi kwa klorokwini ni jambo jingine, haukuwa mzio wa kawaida. Usiuchanganye na huu.

Vipimo gani basi vinaaminika?

Kinachotangulia vyote ni historia nzuri: ulikula au kugusa nini, kiasi gani, baada ya dakika ngapi ulianza kuumwa, ilijirudia mara ngapi, ulipata nafuu kwa nini. Mzio wa IgE kwa kawaida huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili.

Kipimo cha kuchoma ngozi hufuata. Matone ya vichochezi huwekwa kwenye mkono, ngozi huchomwa juujuu, na husomwa baada ya dakika 15 hadi 20. Lazima kuwe na tone la histamini, ambalo linapaswa kuvimba, na tone la maji ya chumvi, ambalo halipaswi. Uvimbe unaozidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi huhesabiwa. Kosa la kawaida ni mgonjwa kuja akiwa amemeza cetirizine au loratadine: histamini nayo haivimbi, na kipimo chote hakifai. Daktari atakuambia uache vidonge hivyo siku ngapi kabla. Mara nyingi ni kama wiki moja.

Kipimo cha damu cha IgE mahususi hakiathiriwi na vidonge. Vyote viwili, hata hivyo, huonyesha kwamba kingamwili zipo. Haimaanishi lazima utaumwa ukila. Jibu la mwisho kwa chakula ni kulishwa kidogo kidogo hospitalini, chini ya uangalizi, adrenalini ikiwa karibu. Vipimo vya IgG vinavyouzwa kama "kipimo cha vyakula 100" usivinunue: IgG ni kingamwili za aina nyingine, na huonyesha kwamba umewahi kula chakula hicho.

Mafua na chafya za kila asubuhi nizitibuje, kama si kwa nishati?

Anza kitandani. Utitiri wa vumbi hupenda joto na unyevu, na pwani yetu ina vyote. Funika godoro na mto kwa kitambaa kilichofumwa kwa kubana chenye zipu, fua mashuka kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, ondoa zulia chumbani. Shika pia vita dhidi ya mende; vinyesi vyao ni kichochezi kikubwa cha pumu mijini.

Dawa yenye nguvu zaidi kwa pua ni ya kupulizia yenye steroidi. Wengi huiacha kwa sababu ya kuitumia vibaya. Inamisha kichwa mbele kidogo, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa la kulia ili dawa ielekee upande wa sikio, vuta hewa taratibu. Ukiielekeza katikati ya pua utatokwa damu. Ukiivuta kwa nguvu utaionja kooni na pua haitafaidika. Itumie kila siku na uipe hadi wiki mbili.

Kuosha pua kunasaidia pia: mililita 240 za maji yaliyochemshwa na kupoa, na robo hadi nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi yenye iodini huwasha wengine. Usitumie maji ya bomba yasiyochemshwa.

Kuna tiba inayobadilisha mzio wenyewe?

Ipo: kuzoeza kinga kwa dozi ndogo za kichochezi zinazoongezwa taratibu, kwa sindano au kwa matone chini ya ulimi. Leonard Noon alichapisha matokeo yake ya kwanza London mwaka 1911. Huchukua miaka 3 hadi 5, na hufanya kazi kwa chavua, utitiri na sumu ya nyuki. Sindano zake hutolewa mahali penye adrenalini, na mgonjwa hukaa dakika 30 kabla ya kuondoka.

Na kwa anayetafuta nishati inayopimika, ipo ya mwanga: miale ya urujuanimno aina ya UVB, ya nanomita 311, hutumika hospitalini kwa ukurutu sugu, mara mbili au tatu kwa wiki, dozi ikihesabiwa kulingana na ngozi.

Nikiamua kwenda kwa mtoa tiba wa nishati, niulize nini?

Muulize leseni. Tanzania, watoa tiba mbadala husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya mwaka 2002. Cheti cha mafunzo ya NAET peke yake si leseni. Uliza idadi ya ziara na gharama yote, iandikwe. Muulize atafanya nini ukivimba koo mezani kwake, na kama ana adrenalini. Mweleze dawa zote unazotumia na kwamba hutaacha hata moja. Akikuambia uache dawa ya pumu, au uonje chakula kilichowahi kukuangusha, ondoka hapo hapo.

Mtu akipata mshtuko wa mzio nifanye nini?

Dalili ni sauti kukwaruza, kupumua kwa shida, kutapika mfululizo, kizunguzungu au kuzimia, mara nyingi pamoja na vipele, ingawa vipele vinaweza visiwepo. Dawa ni adrenalini, kwenye msuli wa nje wa paja, katikati, hata kupitia nguo. Kiasi ni miligramu 0.01 kwa kila kilo. Kwa kichupa cha miligramu 1 kwa mililita 1, mtoto wa kilo 20 hupewa mililita 0.2, mtu mzima mililita 0.5. Hali isipobadilika baada ya dakika 5, rudia. Vidonge vya mzio na hidrokotisoni havichukui nafasi yake, na kuvisubiri ndiko kunakopoteza watu.

Mlaze mgonjwa miguu ikiwa juu. Akishindwa kupumua akae, mjamzito alale kwa ubavu wa kushoto. Asisimamishwe wala kutembezwa hadi kwenye gari, abebwe, kwa sababu shinikizo la damu linaweza kuanguka ghafla anaposimama. Hata akipata nafuu apelekwe hospitali na akae chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, maana mshtuko unaweza kurudi bila kula kitu kingine.